Wembe wa Teo Macero: jinsi "Bitches Brew" ilivyokatwa na kuungwa

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mpiga gitaa, bendi yetu iko Morogoro. Siku hizi nasikiliza sana albamu ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, iitwayo "Bitches Brew". Mwenzangu wa besi anasema nyimbo zile hazikupigwa kama tunavyozisikia, bali zilikatwakatwa na kuungwa baadaye. Lakini zilirekodiwa mwaka 1969, na kompyuta za studio hazikuwapo. Walifanyaje? Na kama ni kweli, wasikilizaji wa wakati ule hawakuona wamedanganywa? Nauliza kwa sababu tuna rekodi ya mazoezi ya zaidi ya saa moja. Ndani yake mna vipande vizuri mno na vipande vya kutupa, nasi tungependa kutoa wimbo mmoja humo.

JIBU: Mwenzako wa besi amesema kweli, ingawa si nyimbo zote zilizokatwa kwa kiasi kilekile. Kabla sijaeleza walivyofanya, naomba ulisikie jambo lenyewe kwa masikio yako. Vaa hedifoni, weka "Pharaoh's Dance", wimbo wa kwanza, usikilize dakika mbili na nusu za mwanzo. Utasikia bendi inaanza, inasita, inaanza tena. Sasa fuatilia vinanda vya umeme na matoazi. Yapo mahali ambapo kinachorudi si wazo lilelile tu, ni sauti ileile, nukta kwa nukta, hata kidole kilichochelewa kidogo kinachelewa vilevile. Hakuna binadamu anayeweza kupiga hivyo mara mbili. Kisha ngoja ufike karibu na dakika ya 9: kipande cha kama sekunde moja kinarudiwa mara tano mfululizo. Kazi hiyo ilifanyika mezani, baada ya wapigaji kwenda zao. Watafiti waliouchambua wimbo huo wamehesabu viungo kama 19, yaani mahali vipande viwili vilipounganishwa, katika dakika zake 20.

Sasa turudi studio. Miles aliwaita wanamuziki wake katika Studio B ya kampuni ya rekodi ya Columbia, mtaa wa 52, New York, kwa asubuhi tatu: tarehe 19, 20 na 21 Agosti 1969. Woodstock, lile tamasha kubwa la muziki wa roki, lilikuwa limekwisha tarehe 18. Ebu tazama jeshi lenyewe. Wayne Shorter kwenye saksafoni, Bennie Maupin kwenye klarineti besi, John McLaughlin kwenye gitaa. Joe Zawinul na Chick Corea wapo kwenye vinanda vya umeme, na katika baadhi ya nyimbo anaongezeka Larry Young. Dave Holland na Harvey Brooks wanashika besi. Dramu zinapigwa na Jack DeJohnette pamoja na Lenny White, kijana wa miaka 19, na pembeni wako wapigaji wa ngoma za mkono. Ukisikiliza kwa hedifoni utamkuta White kushoto na DeJohnette kulia, Zawinul kushoto na Corea kulia. Mpangilio huo wa kushoto na kulia ndio unaofanya msitu ule wote wa sauti usikike bila kuwa kelele.

Miles hakuwapa nyimbo zilizoandikwa mwanzo hadi mwisho. Aliwapa michoro michache: mstari wa besi, kipande cha melodia, mwendo. Akawa anawaelekeza kwa mkono na kwa maneno machache huku wakipiga. Sauti yake imebaki humo ndani ya albamu, isikilize vizuri utaipata. Kule chumba cha mitambo alikaa prodyuza Teo Macero, mtu aliyesoma chuo cha muziki cha Juilliard, mtunzi na mpiga saksafoni kwa haki yake. Kanuni yake kubwa ilikuwa moja: utepe wa sumaku wa kurekodia usisimamishwe. Wakikosea, wakicheka, wakijaribu jambo mara tatu, mashine iendelee kuzunguka. Bila kanuni hiyo pasingekuwa na cha kukata.

Hapa ndipo penye ufundi uliouliza. Vyombo vilirekodiwa kwenye utepe mpana wenye njia 8. Baadaye njia hizo zilichanganywa na kushushwa kwenye utepe mwembamba wa njia mbili, kushoto na kulia, wenye upana wa robo inchi, yaani milimita 6 na ushee. Huu mwembamba ndio uliokatwa. Kwa mwendo wa kawaida wa studio, inchi 15 kwa sekunde, sekunde moja ya muziki ni sentimita 38 za utepe. Kwa hiyo mhariri alikuwa anauona muda kwa macho na kuupima kwa mkono. Pigo moja la dramu ni urefu fulani wa plastiki uliolala mezani.

Mhariri huzungusha magurudumu ya mashine polepole kwa mikono miwili, mbele na nyuma, huku spika zikitoa mngurumo mzito, mpaka apate mahali hasa pigo linapoanza. Anaweka alama kwa penseli ya nta mgongoni mwa utepe. Anaulaza kwenye kibao cha chuma chenye mfereji, anapitisha wembe kwenye ufa uliochongwa mshazari, anafanya vivyo hivyo kwenye kipande cha pili, kisha anavigusanisha na kuvibandika kwa gundi ya utepe kwa upande wa nyuma. Ule mshazari una kazi. Ukikata wima, sauti moja inakoma ghafla na nyingine inaanza ghafla, na mara nyingi unasikia "tiki". Ukikata kwa nyuzi 45 kwenye utepe wa robo inchi, sauti ya kwanza inafifia huku ya pili ikiingia kwa muda wa kama milisekunde 17. Sikio halishtuki.

Na kama unataka kipande kijirudie? Unanakili kipande hicho mara kadhaa kutoka mashine moja kwenda nyingine, halafu unaunga nakala moja baada ya nyingine. Au unaunga ncha zake mbili kiwe duara, unaliacha duara lizunguke kwenye mashine na kulirekodi. Yale marudio tunayofanya leo kwa kubofya mara moja yalikuwa yanafanywa hivyo.

Mwangwi wa tarumbeta katika wimbo wenyewe wa "Bitches Brew", ule unaoruka nyuma ya kila noti Miles anapopuliza fupi fupi, nao ni kazi ya utepe. Kichwa cha kurekodi na kichwa cha kusoma vimeachana sentimita chache, kwa hiyo sauti iliyoandikwa sasa inasomwa baada ya kitambo. Umbali wa sentimita 5 kwa mwendo ule ni kama sehemu ya nane ya sekunde. Irudishe ile iliyosomwa ikaandikwe tena, na mwangwi unazaa mwangwi.

Lakini nataka uelewe kwa nini muziki huu ulikubali kukatwa, maana hilo ndilo litakalokusaidia wewe. Sehemu kubwa ya nyimbo hizi inakaa kwenye ufunguo mmoja, au kwenye mstari mmoja wa besi unaozunguka. Hakuna mlolongo wa kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) ambao ukiuruka msikilizaji anabaki ananing'inia. Kwa hiyo dakika ya 4 inaweza kuungana na dakika ya 11, ilimradi mwendo wa dramu ni uleule. Jaribu jambo hilo kwenye wimbo wa jazi wa kizamani wenye baa 32 na kodi zinazohama kila baa mbili: utaumia. Miles alikuwa ameanza njia hiyo kabla ya hapo, na Macero alikuwa ameshaijaribu kwenye "In a Silent Way", iliyorekodiwa Februari mwaka huohuo. Sikiliza upande wa pili wa albamu hiyo: dakika nne hivi za mwanzo zinarudi mwishoni zikiwa zilezile. Ni rekodi moja iliyowekwa mara mbili, na wimbo umepata umbo ambalo haukuwa nalo studio.

Ugumu ulikuwa huu: ukikata utepe wa njia mbili, unakata vyombo vyote kwa mkupuo mmoja. Huwezi kuiacha besi iendelee wakati unabadilisha gitaa. Toazi lililopigwa kabla ya mkato mlio wake unakatika papo hapo. Ndiyo maana wahariri wa wembe hupenda kukata mara tu kabla ya pigo zito; pigo jipya linafunika mkia wa sauti iliyokatwa. Na ndiyo maana ukiwa na masikio mazuri utavikamata viungo vingine vya Macero, kwa sababu hakuficha vyote. Vile vya mwanzo wa "Pharaoh's Dance" naamini hakutaka kuvificha kabisa.

Nimesema si nyimbo zote zilizokatwa kwa kiasi kimoja. "Miles Runs the Voodoo Down" imesimama zaidi juu ya upigaji. Mdundo wake ulikataa kukaa vizuri mpaka Don Alias, aliyeitwa kupiga ngoma za mkono, alipoketi kwenye dramu za White na kupiga mdundo alioujua kutoka kwenye maandamano ya sherehe ya New Orleans. Wembe hauwezi kutengeneza jambo kama hilo. Kwa upande mwingine, kile kipande kifupi kilichopewa jina la "John McLaughlin" kilitoka kwenye rekodi ya wimbo wenyewe wa "Bitches Brew". Kilichobaki mezani kikawa wimbo wa kujitegemea, na Miles hapigi humo hata noti moja.

Unauliza kama watu waliona wamedanganywa. Albamu ilitoka mwishoni mwa Machi 1970, santuri mbili katika jalada moja, na watu waligawanyika kweli. Ila hasira ya wapenzi wa jazi haikuwa juu ya wembe. Walikasirikia vinanda vya umeme, besi ya umeme, midundo ya roki, na Miles kwenda kupiga katika ukumbi wa Fillmore East, New York, mwezi huohuo wa Machi mbele ya vijana waliokwenda kuwaona wanaroki Neil Young na Steve Miller. Mhakiki Stanley Crouch alimshutumu, hata miaka mingi baadaye, kwamba alijiuza sokoni. Naiona shutuma hiyo kuwa dhaifu: mtu anayetafuta soko haanzi albamu yake kwa wimbo wa dakika 20 na kuufuatisha na wa dakika 27, vyote bila mwimbaji. Hata hivyo soko lilimfuata. Albamu ilifika nafasi ya 35 kwenye chati kuu ya jarida la Billboard, jambo geni kwa muziki wa aina hiyo, ikapata tuzo ya Grammy mwaka 1971, ikatunukiwa kwa mauzo yake hadhi ya dhahabu mwaka 1976 na ya platinamu mwaka 2003. Na wapigaji wake walitawanyika kuanzisha bendi zilizoutawala muziki huo miaka ya 1970: McLaughlin na Mahavishnu Orchestra, Zawinul na Shorter na Weather Report, Corea na Return to Forever. Maupin alijiunga na mpiga kinanda Herbie Hancock katika ile bendi ambayo wapigaji wake walijipa majina ya Kiswahili, Hancock akiitwa Mwandishi.

Aliyeshangazwa na kazi ya mezani ni mpigaji mwenyewe. Zawinul amesimulia kwamba hakuzipenda zile asubuhi tatu na alimwambia Miles hivyo. Baadaye akiwa katika ofisi za CBS, kampuni mama ya Columbia, alisikia muziki wa ajabu ukitoka chumba kimojawapo, akauliza ni wa nani. Akajibiwa kuwa ni yeye mwenyewe, ni "Bitches Brew". Na "Pharaoh's Dance" ni utunzi wake! Kwangu mimi hilo linamaliza suala la udanganyifu. Macero hakuwa anaficha makosa ya wapigaji. Alikuwa anatunga, na noti zake zilikuwa vipande vya utepe.

Kuhusu rekodi yenu ya mazoezi: inawezekana, na programu yoyote ya kuhariri sauti inatosha, hata ya bure. Kwanza sikilizeni saa nzima bila kugusa kitu, mkiandika dakika za vipande vinavyowapandisha mori. Kisha pimeni mwendo wa kila kipande. Vikipishana kwa pigo moja au mawili kwa dakika, vitaungana. Vikipishana zaidi, msivilazimishe. Hakikisheni ufunguo ni mmoja na gitaa halikuwa limelegea kati ya kipande na kipande. Kata mwanzoni mwa baa, punde kabla ya pigo la dramu, na upishanishe sauti mbili kwa milisekunde 10 hadi 20, kipimo kilekile cha wembe wa mshazari. Msikilize kiungo bila kutazama skrini, kwa sababu macho yakiona mstari wa mkato, sikio nalo litausikia hata kama haupo.

Mkirekodi tena, msisogeze maikrofoni katikati ya kazi. Maikrofoni ikihama nusu mita, sauti ya chumba inabadilika na viungo vyote vitaonekana. Na anayeshika mashine asibonyeze kitufe cha kusimamisha mpaka mtu wa mwisho ametoka chumbani.

Kama mtanunua albamu kwa ajili ya kujifunza, tafuteni mchanganyo wa 1970. Kwa toleo kubwa la mwaka 1998 mafundi walirudi kwenye utepe wa njia 8, wakachanganya upya na kuviunda upya viungo vya Macero kimoja kimoja. Vyombo vinasikika kwa usafi zaidi humo, na kwa kufuatilia mpiga dramu mmoja mmoja ni msaada mkubwa, lakini mkato halisi wa wembe umo kwenye ule wa zamani.