Tofu inayovurugika na maswali mengine ya capcai

Tangu nilipogusia capcai, zile mboga mchanganyiko za kukaanga harakaharaka wanazopika Wachina wa Indonesia, simu yangu haijapoa. Haya ndiyo yaliyoulizwa zaidi.

*Dada, nimesikia capcai ni mboga kumi. Nikiwa na sita tu?* (Msomaji, Morogoro)

Pika hizo sita. Jina ni la Kihokkien, lugha waliyokwenda nayo kisiwani Java, Indonesia, wahamiaji wengi kutoka Fujian, kusini mwa China. Katika lugha hiyo neno la "mchanganyiko" na neno la "kumi" hutamkwa sawasawa, ndiyo maana hata Indonesia kwenyewe wapo wanaohesabu mboga. Mimi hutia karoti, koliflawa, kabichi, chainizi na uyoga, na sijawahi kudaiwa zilizobaki.

*Tofu yangu, ile jibini ya soya, huvurugika yote, ukiitazama utadhani mayai. Nakosea wapi?* (Msomaji, Tanga)

Pole, hata mimi ya kwanza niliitia mbichi pamoja na mboga, na mume wangu akauliza mayai nimenunua saa ngapi. Anza na tofu ngumu. Ile laini kama maziwa mgando iachie supu. Ifunge kwa kitambaa safi, uikandamize kwa sahani yenye kitu kizito juu yake kwa nusu saa, kisha uikate vipande. Waindonesia wengi huviloweka vipande hivyo kwenye maji ya chumvi na kitunguu saumu kilichotwangwa kabla ya kukaanga, na kweli ladha huingia. Robo saa yatosha. Ila uvikaushe vizuri sana, la sivyo mafuta yatakurukia mpaka usoni.

Kaanga kwenye mafuta ya moto na usiviguse. Tofu ikishaumba ngozi chini huachia karai yenyewe. Ukiing'oa mapema, ngozi utaiacha karaini. Ikigeuka rangi ya dhahabu itoe, uiweke kando. Irudi mwishoni kabisa, mboga zikishaiva, na hapo weka mwiko chini: tikisa karai tu.

*Mboga zinatoa maji, zinalegea kama za kuchemsha. Jiko langu ni la gesi, dogo.* (Msomaji, Mombasa)

Shoga, jiko dogo halishindani na moto wa muuza chakula wa mjini Surabaya, Indonesia, kwa hiyo usishindane. Capcai ziko mbili: ya *goreng*, kavu, na ya *kuah*, yenye mchuzi. Pika ya kuah. Kaanga kitunguu saumu, tia karoti na koliflawa, halafu kabichi, na majani ya chainizi yaingie dakika ya mwisho. Mboga zikiwa nyingi, gawa mara mbili. Karai likijaa, zinajipika kwa mvuke wake. Tia kikombe kimoja cha maji au supu, kisha koroga pembeni vijiko viwili vya chai vya wanga wa mahindi kwenye maji baridi kidogo, umimine, uache uchemke mpaka mchuzi ung'ae. Ukiutia mkavu utapata madonge.

*Kecap manis, ile sosi tamu ya soya, siipati hapa Arusha.* (Msomaji)

Chemsha nusu kikombe cha sosi ya soya na nusu kikombe cha sukari guru iliyokwanguliwa, moto mdogo, uzime ingali nyepesi kidogo kwa sababu ikipoa huwa nzito. Huko kwao hutumia sukari ya minazi au ya miti mingine ya jamii hiyo, lakini hii inakaribia. Hata hivyo, capcai nyingi haziihitaji. Ladha yake hutoka kwenye sosi ya chaza na pilipili manga. Watu wakisikia Indonesia humimina kecap mpaka koliflawa inakuwa nyeusi kama mkaa, na mimi hilo silipendi.

*Sisi Waislamu tunaweza kula?* (Msomaji, Unguja)

Bila shaka, Indonesia Waislamu ndio wengi na capcai halali imejaa. Mkahawani uliza mambo mawili: kama wametia *angciu*, mvinyo wa kupikia, na kama kuna nyama au mafuta ya nguruwe. Nyumbani acha mvinyo, ongeza tangawizi, na matone ya mafuta ya ufuta ukishazima moto.

*Naweza kuilaza?*

Mchuzi utakuwa maji na friji yote itanuka koliflawa. Pika ya leo.