Vipimo viwili, majibu mawili

Ndugu yangu, unasema tangi lako la maji ya bahari la lita 40 linasoma 1.022 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu, unaoonyesha chumvi ilivyo) kwenye hidromita ya mshale, ambayo mshale wake huelea juu zaidi maji yakiwa na chumvi nyingi, na 1.027 kwenye refraktomita, inayopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, na hujui uamini kipi. Kwa sasa usiamini hata kimoja.

Anza na refraktomita. Wengi huiweka sifuri kwa maji yaliyochujwa, wakaridhika. Lakini tunachosoma sisi kiko mbali na sifuri: maji ya bahari ni gramu 35 za chumvi kwa kilo, yaani karibu 1.026 kwenye nyuzi 25. Irekebishe hapo hapo kwenye 35. Kama huna maji maalumu ya kurekebishia, pima gramu 36.5 za chumvi ya mezani iliyo kavu, changanya na gramu 963.5 za maji yaliyochujwa. Dondosha matone mawili matatu kwenye kioo cha refraktomita, funika, subiri nusu dakika, kisha zungusha skrubu mpaka isome 35.

Ule mshale nao una vituko vyake. Kiputo kimoja cha hewa kikiung'ang'ania, unapanda. Ukoga wa chumvi ukiugandia, unazama. Nadhani wako una ukoga. Uoshe kwa maji ya moto kidogo, upime tena.

Halafu, tangi dogo halisamehe. Lita 2 zikiyeyuka hewani, chumvi inabaki na 35 inakuwa karibu 37. Chora mstari wa kalamu kwenye kioo cha tangi, kila asubuhi ujazie maji yasiyo na chumvi mpaka hapo, ndipo upime.