Uliza Fundi: Gari nimejiundia mwenyewe, nilijaribie wapi?

SWALI: Hamjambo wakuu. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Shabab, Nakuru, nimeunda kapikapu ka kubeba maziwa, chesisi nimechoma mwenyewe, injini nimetoa kwa Probox. Sasa majamaa wa karakana wananiambia nikapeleke kwa lami ya Eldoret nifinye mpaka mwisho nione spidi. Halafu nimesoma mahali kwamba Waingereza zamani walikuwa wanapeleka magari yao ya majaribio Ufaransa, kwani kwao hakukuwa na barabara?

JIBU: Fundi hongera, lakini hao wa spidi waache kwanza. Spidi unaijua kwa dakika moja, weldi mbaya nayo haisemi kitu mpaka itikiswe wee, siku baada ya siku, ndio ufa unaanza kutembea.

Barabara Waingereza walikuwa nazo, shida ni kwamba mpaka 1930 sheria yao ilikuwa hairuhusu gari kupita maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32, na barabara zenyewe zimejikunja kunja. Ufaransa kulikuwa na barabara ndefu zimenyooka unaweza kukaa na mafuta chini muda mrefu, na zingine za mawe zinakung'uta gari mpaka meno yako yanagongana. Kwa hiyo Rolls-Royce wakaweka kambi mji wa Châteauroux, gari la majaribio linapigishwa maili 10,000, ni kama kilomita 16,000 hivi, halafu linafunguliwa wanaangalia nini imelika na nini imepasuka. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo, kutafuta kitakachovunjika kabla mteja hajakipata.

Na hata wao waliumia. Mwaka 1939 kulikuwa na Bentley moja ya majaribio inaitwa Corniche (Bentley wakati huo ilikuwa mali ya Rolls-Royce), bodi imechorwa na Georges Paulin, ikajengwa na Vanvooren wa Paris, gari tamu sana kwa macho. Agosti hiyo, karibu na Châteauroux hapo hapo, dereva akakwepa gari lingine, ikatoka barabarani ikapinduka. Chesisi ikarudishwa Uingereza, bodi ikabaki kurekebishwa, halafu ikiwa bandarini Dieppe inangoja meli vita vikaikuta, ikapigwa bomu ikaisha. Hao walikuwa na pesa na madereva wa kazi hiyo tu, kwa hivyo wewe usianzie kwa barabara ya watu.

Anzia shambani. Pakia magunia ya mchanga uzito sawa na maziwa utakayobeba, kwa sababu gari tupu litakudanganya, halafu zunguka njia ile ile mbovu kila siku. Kila nati pigia mstari wa rangi unaopita mpaka kwa chuma, mstari ukikatika ujue nati imezunguka. Weldi zipake mafuta ya taa, ngoja kidogo, panguza ikauke kabisa, kisha paka unga wa chaki, ufa ukiwepo mafuta yatatoka na kuchora laini kwa chaki. Andika kwa daftari, usiseme utakumbuka, hutakumbuka.

Lami ni baada ya kumalizana na NTSA (mamlaka ya usalama barabarani) na bima, hapo hakuna njia ya mkato. Ukishakubaliwa, panda Mau Summit na mzigo, huko juu injini isiyo na tabo (turbo, ile ya kusukumia injini hewa) inapoteza karibu robo ya nguvu zake, usishtuke. Kushuka Salgaa tumia gia ndogo toka juu, usingoje breki zinuke ndio ukumbuke, ile barabara imemaliza watu. Halafu teremka Kericho mpaka Ahero kwenye joto, na urudi umepakia, redieta ikivumilia mlima huo basi iko sawa.

SWALI: Niko Kisumu, hii murram yetu inafanya mikunjo kama bati, nipite mbio au polepole?

JIBU: Mikunjo inaletwa na matairi yenyewe, gari likipita mwendo fulani gurudumu linaruka kidogo, likitua linachimba, na linalofuata linaruka pale pale. Ukipita mbio gari linatulia kweli kwa sababu tairi linagusa vichwa tu, lakini sasa haligusi chini vizuri, kona ikija au mtoto akikatiza huna breki wala usukani. Pita polepole, shokabu zako zitakaa zaidi, na greda ikipita leo mikunjo itarudi tu.