Mama akae Moshi au Same?
Pole dada. Kwa mama aliyepata kiharusi mi ningeenda Moshi, KCMC iko hapohapo na ni hospitali ya rufaa ya kanda, ukiwa Same kuifuata ni zaidi ya kilomita 100 na mgonjwa mwenyewe kukaa kwenye gari shida. Ila usikimbilie kulipa kodi ya nyumba, nenda kalale siku mbili tatu, ulizia majirani msaidizi wa kumgeuza na kumwogesha anapatikana kwa bei gani na akienda off Jumapili nani anamshikia, maana hapo ndo wengi wanakwama, halafu usiku ita bajaji uone kama inafika mlangoni au inaishia kwenye matope. Ngazi hapana kabisa. Kama ana 60+ na hana uwezo, mcheki mtendaji wa mtaa kuhusu msamaha wa matibabu ya wazee.