Nguzo zinazoinama kwenye picha ya nyumba

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Morogoro, nawachorea wateja nyumba kwa Blender, programu ya kompyuta ya kuchora vitu vya pande tatu. Nikiweka kamera usawa wa macho na kuielekeza juu ili paa lionekane, nguzo za baraza zinainamia ndani. Sebuleni nako, taa za umbo la mpira zilizo pembeni zinatoka kama mayai. Nirekebishe vipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Blender imepiga hesabu sawasawa. Kilichoinama ni kamera. Nguzo hubaki sambamba pale tu uso wa picha, yaani bapa ambalo kamera inachorea picha, unaposimama wima pamoja nazo. Ukielekeza kamera juu, uso huo unalala, na nguzo zote zinakimbilia nukta moja angani.

Isimamishe basi: mzunguko wa kamera kwenye mhimili wa X uwe nyuzi 90, wa Y uwe 0. Paa litakatika. Hapo usiizungushe tena kamera. Nenda kwenye mipangilio ya lenzi uongeze «Shift Y», inayosogeza picha juu bila kuinamisha kamera, uanze na 0.1, mpaka paa liingie. Wapiga picha za majengo walifanya hivyohivyo tangu enzi za kamera za mvukuto, kwa kupandisha lenzi bila kuinamisha kamera. Kunyoosha picha baadaye kwenye programu ya kuhariri sikushauri: sehemu ya juu huvutwa na kupoteza ukali, na kimo cha nyumba hupotoka. Ghorofa refu linalotazamwa kwa karibu liachie mwinamo kidogo, maana likinyooshwa kabisa huonekana limepanuka juu.

Taa ni jambo jingine, na «Shift Y» haitakusaidia. Bila shaka umetumia lenzi fupi sana, yaani inayoona eneo pana mno. Kwa kihisi (sehemu ya kamera inayopokea picha) chenye upana wa milimita 36, ambacho ndicho Blender huanza nacho, lenzi ya milimita 18 huona nyuzi 90, na mpira ulio ukingoni hurefuka mara 1.41. Kwa lenzi ya milimita 24 ni mara 1.25. Weka hiyo, kisha rudisha kamera nyuma. Ukuta ukikuzuia, itoe kamera nje yake na uongeze «Clip Start», yaani umbali ambao kamera haioni kitu kilicho karibu zaidi yake, mpaka umbali huo uuvuke ukuta. Usiufute, kwa sababu mwanga wa nje utamwagika ndani na sebule itang'aa kuliko itakavyokuwa ikijengwa.

Hili nakusihi sana. Mteja huitazama picha hiyo ndipo aagize makochi. Chumba cha mita 4 kikivutwa kikaonekana cha mita 6, fundi wa makochi ameshalipwa na mlango haufunguki. Kwa sebule ya mtu anayejenga kwa akiba yake, mimi sishuki chini ya milimita 24.