Jina la bibi au jina tulilobuni: mtoto aandikweje kwenye cheti?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi ni mama kijacho, naishi Kahama, natarajia kujifungua mwezi ujao na tumeshaambiwa ni binti. Upande wa mume wangu wanataka mtoto aitwe Ng'washi, jina la bibi aliyemlea mume wangu. Lakini mimi naitwa Rehema na mume wangu Emanuel, na tangu uchumba tulikubaliana kwamba binti yetu wa kwanza ataitwa Emareh, yaani tumeunganisha majina yetu. Mama mkwe anasema hilo si jina, ni neno la kuokota kwenye simu. Dada yangu aliyeko Dar naye anasema nikimwandika Ng'washi nitamtesa mtoto maisha yake yote, kwa sababu ile alama ya juu kompyuta haziipokei. Naomba unijibu kitaalamu: RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, wanaweza kulikataa jina tulilobuni? Hiyo alama ni tatizo kweli? Nikiandika yote mawili, pamoja na jina la baba na la babu, itakuwaje? Na tukikosea, kubadili baadaye ni rahisi?

JIBU: Hongera, dada, na Mungu akujalie ujifungue salama.

Nianze na lililo jepesi. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, haina orodha ya majina yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa. Ziko nchi zenye utaratibu huo. Iceland, kwa mfano, ina kamati inayopitisha majina mapya kabla hayajatumika. Kwetu mzazi ndiye anayetaja na msajili ndiye anayeandika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya kuwa na jina na utaifa na ya kuwajua wazazi wake, na inawabebesha wazazi wajibu wa kumsajili. Kwa hiyo ubunifu wenu hauvunji sheria yoyote.

Nalo neno la mama mkwe kwamba jina lililobuniwa si jina, lipokee kwa heshima, lakini historia ya majina yetu haimuungi mkono. Majina mengi tunayoyaita ya asili yalibuniwa siku moja kwa sababu ya tukio moja. Baba yake Mwalimu aliitwa Nyerere kwa sababu alizaliwa wakati viwavi wamevamia nchi ya Wazanaki, na nyerere kwa Kizanaki ndio hao viwavi. Mwalimu mwenyewe alipozaliwa Butiama mwaka 1922 alipewa kwanza jina la Mugendi, kisha kwa ushauri wa mganga akabadilishiwa na kuitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja mwaka 1943 alipobatizwa. Angalia pia kina Tabu, Mashaka, Sikujua na Chausiku, au huko kwenu Kulwa na Doto wakizaliwa mapacha na Shija akiwafuata. Kila jina hapo lina tukio lake. Emareh nalo lina sababu yake, na sababu yenyewe ni ninyi wawili.

Kitu kimoja tu kimebadilika tangu enzi za mzee Nyerere. Zamani mtoto akisumbua, au wazee wakiota ndoto, jina lilibadilishwa jioni hiyo hiyo na kijiji kizima kikalijua. Leo jina likishaingia kwenye kanzidata linafuatwa na kadi ya kliniki, shule, mtihani, kitambulisho, benki na pasi ya kusafiria. Kila hatua kuna mtu mwingine anayeliandika upya kwa mkono wake. Shida ninazokutana nazo ofisini karibu zote zinatokea hapo, kwenye kuandikwa upya, na hazichagui kati ya jina la asili na jina la kisasa.

Nikupe mfano wa kijana aliyekuja kwangu kutoka upande wa Meatu. Cheti cha kuzaliwa kilisema Ng'wandu. Cheti cha darasa la saba kilisema Ngwandu. Alipofika sekondari, mwalimu wa taaluma aliyetoka mkoa mwingine alilisikia jina, akaliandika kama alivyozoea kuliona: Mwandu. Kidato cha nne akafanya mtihani kwa jina hilo. Alipoomba mkopo wa chuo, mfumo ukaona watu watatu. Baba yake alikuwa na hakika kwamba kosa ni la lile jina la Kisukuma, kwamba angemwita Brian yasingetokea. Lakini nina faili la dada mwingine ambaye ni Joyce kwenye cheti cha kuzaliwa na Joice kwenye cheti cha shule, na usumbufu alioupata ni ule ule. Fatuma, Fatma na Fatima wanapata hivyo hivyo. Tofauti ya herufi moja inatosha.

Sasa ile alama ya juu, ritifaa. Dada yako ana hoja, ila ameikuza. Kuna mambo mawili hapa. La kwanza ni kwamba kibodi zina alama zaidi ya moja zinazofanana kwa macho: iko iliyonyooka, iko iliyopinda ambayo simu nyingi huiweka zenyewe, na iko ile ya pembeni inayoinama. Wewe na mimi tunaona Ng'washi moja. Mfumo unaolinganisha herufi kwa herufi unaweza kuona majina matatu. Mifumo mingine huiondoa alama kabisa, mingine huweka nafasi badala yake, ikawa Ng Washi, na hapo mtoto ameshaongezewa jina. Kwenye ule mpango wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, mtoto anaandikishwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, cheti kinatolewa bila malipo, na taarifa zake zinatumwa kwa simu. Kwa hiyo usidharau suala la kibodi. Ndiyo inayoweza kulipokea jina la binti yako.

La pili ni pasi ya kusafiria, na hili lina kanuni ya kimataifa. Ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine inakubali herufi kubwa A hadi Z, tarakimu na alama moja ya kujazia nafasi. Ritifaa hairuhusiwi: inaondolewa na herufi zinaunganishwa. Ng'washi atasomeka NGWASHI, kama vile Mfaransa au Muitaliano mwenye ritifaa kwenye jina lake naye anavyoondolewa. Hilo si kosa wala jina halijabadilishwa. Anachotakiwa kufanya akikata tiketi ya ndege ni kuandika jina kama mistari ile ya chini inavyosomeka. Hapo hapo ujue kwamba mstari wa jina una nafasi 39 tu kwa majina yote kwa pamoja, hivyo wazazi wanaompa mtoto majina marefu manne matano wakumbuke kwamba mengine yatakatwa.

Je, uandike Ngwashi bila alama ili kukwepa yote hayo? Nawajua mawakili wenzangu wanaoshauri hivyo. Mimi sishauri. Anayesoma Ngwashi bila ritifaa atatamka kama ngwena, na bibi mwenyewe angeitwa hivyo asingeitika. Jina la Kisukuma liandikwe kama linavyotamkwa. Cha kufanya ni kuhakikisha nyaraka zote za ndani ya nchi zina alama ile ile iliyonyooka, kuanzia ya kwanza. Ukiwa na cheti cha kuzaliwa chenye maandishi sahihi, tofauti za baadaye zinarekebishika kwa urahisi zaidi, kwa sababu unacho cha kulinganishia.

Emareh nalo nilitazame kwa jicho hilo hilo. Muuguzi atalisikia mara moja, wodini, watoto wengine wanalia. Ataandika Emare, Imare, Emary au Emale, na hakuna hata moja utakayoweza kumlaumu, maana hajawahi kuliona popote. Hiyo h ya mwisho haisikiki mdomoni. Kama mnalipenda, liandikeni Emare, linavyotamkwa. Mzazi anaporembesha tahajia kwa h, y au herufi mbili mbili, mtoto ndiye atakayekaa madirishani akizitaja herufi hizo moja moja mpaka uzee.

Kuhusu kuyaweka yote, hapo nakukataza. Fomu zetu zimejengwa kwa nafasi tatu: jina la kwanza, la kati na la mwisho. Ukiandika Emare Ng'washi Emanuel pamoja na la babu, cheti cha kuzaliwa kinaweza kuyapokea, lakini shule itachukua matatu, na ofisi inayofuata itachukua matatu tofauti. Mara nyingi linaloangushwa ni la baba, kwa kuwa liko katikati. Utajikuta unakula kiapo cha majina kabla mtoto hajamaliza darasa la saba.

Na kwa kuwa umegusa jina la babu, ongeeni na mume wako kuhusu jina la mwisho, maana watu wengi hawalifikirii mpaka wakutane nalo ubalozini. Utaratibu wetu ni jina lako, la baba, la babu. Rais wetu ni Samia, baba yake Suluhu, babu yake Hassan. Ukifuata utaratibu huo, jina la mwisho linabadilika kila kizazi: la mtoto ni la babu yake, la baba ni la babu wa juu zaidi. Ndani ya nchi hakuna anayeshangaa. Nje, ambako jina la mwisho huchukuliwa kuwa la ukoo mzima, baba na binti wenye majina tofauti ya mwisho wataulizwa wanahusiana vipi. Dawa yake ni kusafiri na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kinachowataja wazazi wote wawili. Familia nyingine huamua tangu mwanzo kwamba jina fulani ndilo la ukoo na watoto wote watalibeba. Njia zote mbili ni halali. Ila chagueni moja kwa watoto wote. Mkubwa asiwe na la babu na mdogo akawa na la ukoo.

Kubadili baadaye inawezekana. Kosa la herufi linaombewa marekebisho RITA kwa ushahidi. Kubadili jina lenyewe kunahitaji hati ya kubadili jina, ambayo huandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, kisha unaanza kuzunguka ofisi moja baada ya nyingine. Kwa mtoto mchanga si kazi kubwa. Akishafanya mtihani wa taifa inakuwa nzito sana, kwa sababu cheti cha mtihani kinabaki na jina alilosajiliwa nalo, na kila anapokwenda atalazimika kubeba ile hati pembeni.

Ukiniuliza mimi ningeandika nini, ningeandika Ng'washi kama jina la kwanza, kisha Emanuel, kisha la babu au la ukoo. Emare liwe la nyumbani. Sisemi hivyo kwa kuwa la bibi ni bora kuliko lenu. Wewe ndiye utakayekaa na huyu mtoto, utamwita Emare asubuhi mpaka usiku, na jina ambalo mama analitumia kila siku haliwezi kufa hata kama halimo kwenye cheti. Ng'washi likiachwa nje ya karatasi litabaki midomoni mwa wazee wachache, na hao wakiondoka halitaitwa tena. Lakini hilo ni pendekezo langu tu. Wenye kauli ni wewe na mume wako. Si mama mkwe, si dada yako, si mimi. Mkichagua Emare, mama mkwe hana pa kulipinga kisheria, na mnaweza kumwomba yeye ndiye awe wa kwanza kumwita mtoto Ng'washi nyumbani.

Mkishaamua, andika majina yote matatu kwa herufi kubwa kwenye karatasi, iweke ndani ya kadi ya kliniki, na umkabidhi anayejaza fomu badala ya kumtajia kwa mdomo. Msajilini ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo utaratibu unabadilika na ushahidi unaotakiwa unaongezeka. Ukikabidhiwa cheti, kisome herufi kwa herufi kabla hujaondoka pale dirishani. Na kabla ya yote hayo, mwombe mume wako kitambulisho chake cha taifa, kile cha NIDA, muangalie kama Emanuel imeandikwa kwa m moja, maana wewe umeiandika hivyo hapa. Kama kina m mbili, na kwenye cheti cha mtoto jina hilo la baba liandikwe kwa m mbili.