Dalali anasema asilimia 12. Je, ni kweli?

SWALI: Nataka kununua nyumba yenye wapangaji. Dalali ananiambia itanirudishia asilimia 12 kwa mwaka. Nimwamini?

JIBU: Huenda hakudanganyi, ila amekupa hesabu nusu. Amechukua kodi ya miezi 12 akaigawa kwa bei ya nyumba. Tuseme bei ni 100 na kodi ni 12. Toa mwezi mmoja wa nyumba kukaa wazi, inabaki 11. Toa matengenezo, bima, kodi ya serikali na malipo ya msimamizi, tuseme 3.5, inabaki 7.5. Gharama za mwanasheria, uhamisho wa hati na ukarabati wa mwanzo zikiwa 8, mtaji wako ni 108. Faida halisi ni kama asilimia 7. Ukikopa sehemu kubwa ya bei kwa riba ya asilimia 10, jiandae kutoa pesa mfukoni.

Usikubali kodi ya mdomo. Omba mikataba na risiti za mwaka mzima, kisha waulize wapangaji wenyewe wanalipa kiasi gani; wauzaji wengine hupandisha kodi kwenye karatasi tu.

Siku ya ukaguzi, funga mabomba yote, soma mita ya maji, subiri saa moja. Namba ikisogea, kuna maji yanavuja mahali, pengine kwenye bomba chini ya sakafu, na kulifukua ni gharama. Nenda pia baada ya mvua uangalie madoa kwenye dari; rangi mpya kwenye kona moja tu inatia shaka.

Mpangaji mpya akiingia, pigeni picha kila chumba na msaini orodha pamoja, la sivyo mtagombania amana siku ya kuhama.